Mpaka wa Sikio

Kila Jumapili nikitoka kanisani Debra wa mchungaji ananishika mkono. Mama, andika. Mama, habari za Mzee Ondiek, nani mwingine anazijua kama wewe. Kana kwamba mimi sina mahindi ya kupukuchua. Shule niliiacha kabla haijanizoea, na kalamu mkononi mwangu ni kama mwiko mkononi mwa mwanamume: inakoroga, lakini usitazame. Basi nimekaa. Nitaandika nitakavyo, na atakayeona makosa ayameze, maana hakuna aliyemlazimisha kusoma.

Ondiek ni mtega aluru. Kwenye redio wanawaita kware. Ni ndege wadogo wa nyasi, rangi ya udongo, ukimshika mmoja amejaa kiganja na hakuna kilichobaki. Boma lake liko kando ya barabara inayokwenda Luanda Kotieno, lile lenye ua wa ojuok, ule mti wa utomvu mweupe unaopofua mbuzi. Mbele ya nyumba kuna kaburi la saruji. Ni la Aoko, mkewe. Aoko alikuwa mtu wa maneno. Alizungumza na kuku, akazungumza na sufuria, akazungumza na mumewe, na hakujali ni nani kati ya hao aliyemjibu. Alipokufa boma lilinyamaza kama redio iliyotolewa betri. Watoto walizika, wakala, wakarudi walikotoka: Calvince kwenye kazi yake Kisumu, Winny kwa mumewe Ahero. Ondiek akabaki na ndege.

Na ndege wale walikuwa na maneno kushinda Aoko.

Wasiojua niwaambie kazi inavyofanywa. Mtegaji ana mlingoti, mti mrefu kushinda nyumba, na juu yake anatundika matundu ya kusuka, moja chini ya jingine, kama mapapai kwenye mpapai. Ndani ya kila tundu kuna aluru dume. Jioni anausimamisha. Mvua ndefu zikifika, aluru wa porini wanasafiri usiku, na kabla ya mapambazuko wale madume wa kwenye matundu wanaanza kuita. Walio angani wanasikia, wanashuka. Aluru akishashuka hapendi kuruka, anatembea, na wewe umeshamfyekea vinjia ndani ya nyasi, na kwenye kila kinjia umetega kitanzi cha singa za mkia wa ng'ombe. Jua likitoka unakusanya. Mchana mlingoti unalazwa chini na matundu yanarudi nyumbani kula wimbi.

Sasa habari ya ardhi, maana bila hiyo hutanielewa. Kutoka barabarani kwenda ziwani kuna shamba la Ondiek kwanza. Chini yake kuna la Nicodemus. Chini ya Nicodemus kuna ufuo wa serikali, ambao ni wa kila mtu na si wa mtu: ng'ombe wanakunywa hapo, wanawake wanafua hapo, na kutega ndege hapo ni marufuku. Shambani kwako mwenyewe, kwa mboga yako, askari wa wanyamapori wa huku walikuwa wanatazama pembeni. Ufuoni, hapana. Zamani mipaka yote miwili ilikuwa safu za mkonge. Kisha ule mwaka wa barakoa ziwa likapanda. Lilipanda likakaa, likala mkonge, likala na mawe ya mpimaji, na liliporudi lilituachia tope, na kwenye tope yakaota matete marefu kushinda mtu aliyembeba mwenzake. Hakuna aliyejua tena chake kinaishia wapi. Wengine walikimbilia mahakamani, wako huko mpaka leo.

Ondiek na Nicodemus hawakwenda popote. Watega aluru wana sheria yao, nayo ni ya zamani kuliko ramani. Usisimamishe mlingoti mahali unaposikia ndege wa mwenzako. Ukiwasikia, wewe rudi nyuma. Usipowasikia, nafasi ni yako. Sikio ndilo mpaka. Hao wawili waliishi hivyo, kila mmoja alfajiri amesimama chini ya mlingoti wake, akisikiliza wake, na mbali kabisa, mahali sauti inapokuwa nusu sauti na nusu kumbukumbu, akijua mwenzake naye ameamka. Hawakutembeleana sana. Hawakuhitaji.

Nicodemus si wa ukoo wetu. Alizaliwa upande wa Port Victoria, akaja kijana akifuata samaki, na baba yake Ondiek ndiye aliyemkatia kipande cha ardhi. Mtu kama huyo sisi tuna jina lake: jadak, mkaazi aliyekaribishwa. Ni jina dogo lakini linauma kama mwiba wa samaki ngege kooni. Likitamkwa, miaka yote uliyolima inakuwa ya kuazima. Ondiek hakuwahi kulitamka. Alijivunia jambo hilo. Alikuwa akisema kilabuni, mimi Nicodemus nimekaa naye tangu tukiwa na meno yote, na hilo neno halijatoka kinywani mwangu hata nikiwa nimelewa.

Ni kweli. Halikutoka kinywani.

Kilichomtokea Ondiek ni kwamba masikio yalianza kufa. Sote tuliona. Ungemsalimia kutoka barabarani na yeye anakupita kama anayepita nguzo ya stima. Lakini ni nani angekwenda kumwambia Ondiek kwamba Ondiek hasikii? Mtu yule ukimwambia kiatu chake kimefunguka anakwambia ndivyo anavyopenda kukivaa. Naye mwenyewe hakujua. Uziwi wa kuja polepole hauji na tarumbeta. Aliona tu kwamba watu wameharibika tabia. Vijana hawasalimu tena. Kanisani mhubiri amekuwa mvivu, anaguguna maneno kama mtu anayetafuna miwa. Redio alibadilisha betri, akabadilisha tena, mwishowe akaipa kuku walalie. Calvince akipiga simu, Ondiek anapiga kelele kwamba mtandao mbaya, anakata. Baadaye Calvince naye akapunguza kupiga.

Dunia ilikuwa inamwondokea, na yeye alidhani inamdharau.

Msimu wa kwanza baada ya maji kurudi, alisimama chini ya mlingoti wake, akatega sikio upande wa ziwani. Kimya. Akashangaa. Akangoja, mpaka mashariki ikawa rangi ya maziwa yenye damu. Kimya. Akasema moyoni, Nicodemus mwaka huu hajatega, labda mgongo unamsumbua. Na kwa sababu upande ule nyasi zilikuwa nzuri, akahamisha mlingoti wake kuelekea chini, ndani ya matete. Si mbali. Kiasi ambacho mwenzake hangekasirika.

Nicodemus alikuwa ametega. Madume yake waliita alfajiri ile mpaka wanawake wa ufuoni waliwasikia. Sasa yeye akasikia ndege wa Ondiek karibu kuliko kawaida, akanyamaza, na jioni ile akasogeza mlingoti wake nyuma.

Msimu uliofuata, vivyo hivyo. Ondiek anasikiliza, hapati kitu, anasonga mbele. Nicodemus anasikia, anarudi nyuma. Matete yaliwaficha, hakuna aliyeona mlingoti wa mwenzake. Ondiek alianza kuumia. Kumbe Nicodemus ameacha kutega kabisa, na hakuja hata kuaga? Watu wanafanya kazi moja miaka yote hiyo, mmoja anaacha kama anayetema mate? Angeweza kwenda kumwuliza. Ni mwendo wa sigara moja. Hakwenda. Alisema aliyeacha ndiye aje.

Na kweli alikuja. Asubuhi moja Ondiek alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni, mgongo ukielekea lango. Aliponyanyuka kujifuta jasho, akamwona mtu anateremka njia ya matete, amempa kisogo, kofia ni ya Nicodemus, mwendo ni wa Nicodemus. Amepita kwenye boma lake bila kubisha hodi! Ondiek alishika shoka mkononi akamtazama mpaka matete yakamfunika. Siku ile ugali ulimshinda. Alikaa kando ya kaburi la Aoko akamwambia mambo hayo yote, na hata yeye hakujibu, lakini yeye alikuwa na sababu.

Msimu huu uliopita, hata wale madume wake mwenyewe alianza kuwasikia kama wako chini ya blanketi. Akasema wamezeeka. Alinunua mwingine kijana, kifua cheusi, jicho kali, muuzaji akamwapia kwamba huyu anaita mpaka Mbita wanasikia. Ondiek alimtundika juu kabisa. Alisikia kidogo tu, kama mtu anayepiga ulimi kwenye chumba cha pili. Akasema muuzaji ni mwizi. Akasonga mbele tena.

Ndipo gari la askari wa wanyamapori likaja.

Aliona vumbi lake kutoka langoni, likishuka upande wa ufuoni, na watu wakilifuata. Akachukua fimbo akafuata. Alipotokea kwenye uwazi, akakuta mlingoti umeangushwa kwenye mchanga, karibu na mawe ya kufulia, na askari wanafungua matundu moja baada ya jingine. Aluru walitoka kwa kutembea kwanza, kama wasioamini, kisha wakaruka. Nyuma ya gari, kwenye ubao, amekaa Nicodemus, kofia magotini.

Jirani yake hakuacha kutega. Alikuwa anatega kwa wizi, kwenye ardhi ya serikali! Ondiek alihisi kitu kama furaha, furaha ile chungu ya mtu aliyekuwa anatafuta sababu ya kukasirika na sasa amepewa bure. Akasogea mpaka gari, akasema kwa ile sauti yake ya siku hizi, ambayo yeye anadhani ni ya kawaida na sisi tunaisikia kutoka barabarani:

"Mtu mwenye shamba lake anatafuta nini kwenye la serikali?"

Nicodemus aliinua macho. Akasema kitu. Si kirefu. Midomo ilitembea, ikasimama. Wanawake wa kufua wakatazama maji. Askari mmoja aliyekuwa anacheka akaacha kucheka. Kisha gari likaondoka, na watu wakatawanyika bila kumtazama Ondiek, na yeye akabaki na mlingoti ulioanguka na fimbo yake.

Alirudi nyumbani akijiambia amesema vizuri. Lakini kile alichojibiwa kilimkaa. Alijaribu kukisoma kutoka kwenye midomo aliyoikumbuka. Lilikuwa tusi? Tusi halinyamazishi wanawake wa kufua, linawachangamsha. Alipika uji ukaungua. Alijilaumu kwa nini hakusogea karibu zaidi, kisha akajiuliza, kwani nilikuwa mbali? Nilikuwa nimeshika ubao wa gari.

Huo ndio mlango uliompitisha kwenye shaka. Mtu ameshika ubao wa gari, mwenzake amesema juu yake, na hakuambulia neno.

Jua likielekea kushuka akaja Maximilla, mke wa Nicodemus, mama yake Nangila. Mwanamke mnene, mwenye subira, ambaye sijawahi kumwona amekimbia hata mvua. Alikuwa amefunga kitu kwenye kanga. Alisimama langoni akabisha, na Ondiek aliyekuwa amekaa upenuni akamwona mdomo ukifunguka na kufungika, akamwona anangoja, akamwona anabisha tena. Safari hii hakusema amedharauliwa. Alimwashiria aingie.

Maximilla alikaa kwenye kiti cha Aoko. Alizungumza. Ondiek akasema, sema kwa nguvu, Mama Nangila, leo kuna upepo. Hapakuwa na upepo. Majani ya ojuok yalikuwa yamesimama kama yamechorwa. Maximilla alimtazama kwa muda. Kisha akafungua kanga, akatoa aluru dume aliyewaponyoka askari kwa sababu alikuwa jikoni na mguu mbovu, akamweka kwenye viganja vya Ondiek, akavifunika kwa viganja vyake.

Ndege alitulia kwenye giza lile la mikono. Halafu Ondiek akahisi kifua kidogo kinajaa, na shingo inatikisika dhidi ya kidole gumba, ikatulia, ikatikisika. Alikuwa ameshika aluru maisha yake yote. Alijua hicho ni nini. Alisogeza mikono karibu na uso mpaka manyoya yakamgusa shavu. Shingo ikatikisika.

"Anaita?" akauliza.

Maximilla akatikisa kichwa, ndiyo.

"Kwa nguvu?"

Maximilla akaonyesha kuku. Wote walikuwa wamesimama, shingo juu, wanatazama mikono ya Ondiek.

Kisha yule mama akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana, akaweka mdomo kwenye sikio lake, lile la kushoto lililobaki na kidogo, akamweleza yote polepole kama anayemlisha mgonjwa. Kwamba mumewe hajawahi kuacha kutega. Kwamba kila msimu waliposikia ndege wake wanakaribia walisogea. Kwamba Nicodemus alikuja ile asubuhi ya kuni, akabisha, akaita jina lake, akaita tena, akaona shoka linapanda na kushuka, akasema basi, nimejibiwa. Yeye Maximilla alimwambia asimame palepale, ni shamba lake. Nicodemus akasema mtu akikusogelea hivyo bila kusema neno, anakukumbusha wewe ni nani. Mimi ni jadak, nitabishana na mtoto wa mwenye ardhi?

"Na pale kwenye gari," Ondiek akasema. "Pale kwenye gari alisema nini?"

Maximilla aliona taabu. Lakini alisema.

"Alisema, Ondiek, nimekurudia nyuma mpaka ardhi imeniishia."

Ondiek alimrudishia ndege wake. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti la mazishi, lile alilozikia Aoko, akashika njia ya kituo cha askari. Maximilla alitaka kumfuata. Alimkataza kwa mkono.

Habari za huko tulizipata kwa mpishi wa kituo, ambaye ni wa kwetu. Mzee alisimama mbele ya mkubwa wao na hakuketi alipopewa kiti. Akasema huyo mliyemkamata hakufuata ufuo, alisukumwa. Mimi ndiye niliyemsukuma. Yule mkubwa akajibu akitazama simu yake, na Ondiek akagonga meza. Akasema lile neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kwake tangu azaliwe, tena mbele ya vijana wa kuzaliwa na yeye:

"Mimi ni kiziwi. Ukinijibu, nitazame."

Walimtazama. Asubuhi walishuka naye mpaka kwenye matete, na Nicodemus nyuma yao, na akawaonyesha mlingoti wake mwenyewe unasimama wapi. Ulikuwa katikati ya shamba la Nicodemus. Akapanda nao juu, juu, akitazama mkuyu wa barabarani na kona ya boma lake, mpaka alipoona panatosha, akapiga fimbo chini, akasema mkonge wa baba yangu ulikuwa hapa. Hakuna ramani iliyombishia wala kumwunga mkono. Aliyebaki kujua ni Nicodemus peke yake, na Nicodemus alitikisa kichwa kukubali. Askari walimwachilia kwa onyo. Ndege wake hawakurudi, aluru akiachwa ameachwa.

Tangu siku hiyo Ondiek hakuusimamisha tena mlingoti wake. Jioni alibeba matundu yake yote, na yule kijana wa kifua cheusi juu, akateremka njia ya matete, akayapanga mbele ya mlango wa Nicodemus. Nicodemus alitoka. Walisimama. Nicodemus akasema kitu akiwa ameinamia matundu, uso chini, na Ondiek hakukipata. Alingoja kirudiwe. Hakikurudiwa. Basi akageuka akapanda nyumbani.

Msifikiri waliangukiana shingoni. Sisi hatufanyi hivyo, na mambo mengine yakishakaa miaka yanakuwa kama gogo lililoota ndani ya ua: unalizunguka. Mvua ziliposhuka Ondiek alipanda mkonge pale alipopiga fimbo, miche alichimba mwenyewe, peke yake. Siku ya pili akakuta miche ya upande wa chini imeshindiliwa udongo vizuri, na nyayo si zake.

Siku hizi anaamka wakati uleule. Mwili haujui kwamba kazi imekwisha. Anatoa kiti nje, anakaa kando ya Aoko, anatazama chini. Matete yamefyekwa upande wa mkonge, kwa hiyo ncha ya mlingoti wa Nicodemus inaonekana, imesimama ndani kabisa ya shamba lake. Na kwenye ncha, tangu msimu uanze, kuna kipande cha kanga nyekundu kwenye kamba. Aluru wakianza kuita kinapandishwa. Wakinyamaza kinashushwa. Nicodemus hakuja kueleza, wala Ondiek hakwenda kuuliza. Kanga inapanda, naye anakaa mikono magotini mpaka ishuke. Kisha ni mchana, na mchana wa boma lile ni mrefu, na barabarani watu wanapita.

Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Wewe uliyesoma mpaka hapa, macho yangu yameuma kwa ajili yako, kwa hiyo una deni la miguu. Usipite tena kwenye ua ule ukapunga mkono ukaenda zako, ukasema mzee ana kiburi. Ingia. Zunguka uje mbele yake, akuone mdomo. Sema jina lako na jina la baba yako, polepole, na akisema kuna upepo, mwambie hakuna, kisha sema tena. Kaa mpaka akujibu. Na wewe Calvince, nimesikia utasomewa habari hizi huko Kisumu: simu weka chini, panda gari, njoo.